Nambari Isiyo na Mwenyewe

Ukitaka kujua kama kipimo cha sukari cha idara ya dharura hapa Mombasa kinaaminika, usianze na mashine. Anza na kifuniko cha kichupa cha stripu. Kikiwa kimefungwa ndi, tunaweza kuendelea kuzungumza. Kikiwa wazi, na kichupa kimelala juu ya troli kando ya dirisha tangu zamu ya asubuhi, nambari yoyote itakayotoka humo naipokea kwa shaka, hata mashine iwe imetoka dukani jana.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimezeeka na harufu ya spiriti, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya papa hapa pwani, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu haya si yake peke yake. Zamani kila kitu kilipitia kwetu. Damu ilitolewa wodini, ikaletwa dirishani, tukapima, tukatia sahihi, jibu likarudi. Siku hizi vipimo vingi vya kasualti havitufikii kabisa. Sukari, HB (yaani wingi wa damu), malaria, potasiamu, gesi za damu: vyote hufanywa kando ya kitanda, na anayevifanya ni nesi au daktari mwenye foleni ya wagonjwa inayomkodolea macho. Sina ugomvi na hilo. Mtu aliyeshushwa kwenye tuktuk akiwa hajitambui hawezi kungoja sampuli yake ipelekwe ghorofa nyingine na jibu lirudi baada ya saa. Ninachouliza ni nani atakayejibu nambari ile ikija kuwa ya uongo.

Turudi kwenye kifuniko. Stripu ya sukari ina kimeng'enya kilichokaushwa. Kikikutana na sukari ya damu huzalisha mkondo mdogo sana wa umeme, na mkondo huo ndio mashine inaougeuza kuwa nambari. Joto na unyevu hukiharibu. Ndiyo maana ndani ya kichupa kuna dawa ya kunyonya unyevu, na aina nyingi zimeandikwa kwamba zisiwekwe mahali panapozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Sasa njoo Mombasa mwezi wa Machi, kaskazi inapoelekea kuisha, upepo umelala na chumba hakina kiyoyozi. Nyuzi 30 huwa tumeshazipita kabla ya adhuhuri. Unyevu nao anaujua kila mwenye jiko: chumvi hugandana kichupani mpaka watu hutia punje za mchele. Stripu huvuta hewa ile ile, ila zenyewe hazigandani ukaona. Hubaki safi, nadhifu, na huendelea kutoa majibu.

Dawa ya jambo hili ipo na si ghali. Watengenezaji huuza kichupa kidogo cha maji yenye sukari ya kiwango kinachojulikana. Unadondosha tone kwenye stripu kana kwamba ni damu, na jibu linatakiwa liangukie kati ya nambari mbili zilizochapishwa kwenye kichupa cha stripu. Haichukui hata dakika mbili. Ingia kasualti nyingi uulize maji hayo yako wapi, utaona droo zikifunguliwa moja baada ya nyingine.

Lakini hata stripu ikiwa nzima, bado kuna kidole.

Kuna mama aliyeletwa na mwanawe kutoka Kongowea, msimu wa maembe. Kazi yake ni kuuza maembe ya kumenywa, yale ya kutiwa chumvi na pilipili. Alikuwa na kisukari, anatumia vidonge, na asubuhi ile alimeza vidonge vyake akatoka bila hata chai. Alipofika alikuwa amelowa jasho, anatetemeka, maneno yanamtoka ovyo. Nesi kijana alimfuta kidole kwa pamba ya spiriti, akamdunga, mashine ikasoma 15.8, sukari ya juu sana. Daktari wa zamu akaanza kutaja insulini. Sista mkuu, mwanamke wa makamo asiyependa kelele, alimtazama mgonjwa badala ya mashine, kisha akamgeukia mwana wa mgonjwa.

"Mwanangu, mamako amekula nini leo?"

"Hajala kitu, Mama. Ameamkia sokoni."

Akaagiza beseni la maji na sabuni. Mkono ukaoshwa, ukakaushwa, kikadungwa kidole kingine: 2.1, sukari ya chini mno. Glukosi ikaingia mshipani, na haukupita muda mrefu mama akawa anauliza kapu lake la maembe limeachiwa nani.

Niliitwa nikague mashine. Mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa imepima kwa uaminifu sukari ya embe. Watafiti wa Japani walilijaribu jambo hili na kulichapisha mwaka 2011: watu waliomenya matunda kisha wakapimwa bila kunawa walitoa majibu ya juu kupita kiasi, na kufuta kidole kwa spiriti, hata kwa kurudia mara kadhaa, hakukutosha. Maji ya mfereji ndiyo yaliyosafisha. Katika mji huu wa maembe, tende, halua na mabuyu ya sukari, naona ajabu kwamba tuna spiriti kila kona ya wodi na sinki moja inayovuja.

Fikiria insulini ile ingeingia. Sukari ya 2.1 ingeshushwa zaidi, na kwenye faili pangeandikwa kwamba matibabu yalifuata kipimo.

Watu wakisikia "mashine imethibitishwa" hudhani maana yake ni kwamba inasema kweli tupu. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 katika kila 100 yasiachane na kipimo cha rejea kwa zaidi ya 0.83 mmol/L (milimoli kwa lita) sukari ikiwa chini ya 5.55, wala kwa zaidi ya asilimia 15 ikiwa hapo au juu yake. Hebu zipige hizo hesabu. Mashine iliyofaulu mtihani, yenye stripu mpya na kidole kilichooshwa, ikisema 3.0, sukari yenyewe inaweza kuwa 2.2 au 3.8 na hakuna aliyekosea. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani wa kusema sukari ya mtoto imeshuka ni chini ya 2.5, au chini ya 3.0 akiwa na utapiamlo mkali. Maana yake mpaka tunaoamulia uko ndani kabisa ya ukungu wa mashine. Kisha kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaojipima nyumbani, walioketi, wenye vidole vya joto. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ililiona hilo ikatoa miongozo miwili mbalimbali, mmoja wa mashine za nyumbani na mwingine, mkali zaidi, wa mashine za hospitali. Huku kwetu mashine ya nyumbani ndiyo ya hospitali. Ilikuja na msaada, au ilinunuliwa duka la dawa kwa sababu stripu zake zinapatikana.

Kosa linaloninyima usingizi zaidi ni la upungufu wa damu, kwa sababu kosa hilo lina upande. Mashine nyingi za sukari zinapima damu nzima, na chembe nyekundu zinachukua nafasi na kuzuia majimaji ya damu yasifike haraka kwenye kimeng'enya. Mtengenezaji amelipigia hesabu hilo kwa mtu mwenye damu ya kawaida. Chembe zikiwa chache, majimaji mengi zaidi hufika, na nambari hupanda juu ya kweli. Zikiwa nyingi, kama kwa mtoto aliyezaliwa leo, nambari hushuka. Sasa nani hufika kasualti za pwani akiwa amepungukiwa na damu? Mtoto wa selimundu, na selimundu iko katika familia nyingi za huku. Mama aliyevuja damu baada ya kujifungua. Mtoto mwenye malaria kali, ambaye mara nyingi huja na vyote viwili kwa pamoja, damu imekwisha na sukari imeanguka. Yaani yule tunayehitaji zaidi mashine itupigie kelele ndiye ambaye mashine huelekea kumnyamazia.

Haya yote yameandikwa. Yamo katika karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi la stripu, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, ambapo mtengenezaji anataja kiasi cha chembe nyekundu ambacho mashine yake inakihimili. Mtoto mwenye HB ya 4 ana hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ya karibu asilimia 12. Karatasi kadhaa za mashine za zamani nilizowahi kuzikunjua zilianzia 30. Mashine mpya zaidi hujipima chembe zenyewe na kujirekebisha, na kama ningeulizwa pesa ziende wapi, zingeenda huko kabla ya kwenda kwenye skrini za rangi. Lakini boksi hutupwa siku ya kwanza, na karatasi huenda nalo.

Kwa hiyo nimekuwa nikiwaambia madaktari wanafunzi jambo moja mpaka wamechoka nalo: mtoto aliyelegea, mweupe wa kiganja, mwenye degedege, mashine ikisema 3.4, mtibu kama ambaye sukari yake imeshuka. Glukosi kidogo kwa ambaye hakuihitaji haina madhara makubwa. Ubongo uliokosa sukari kwa nusu saa ni habari nyingine.

Potasiamu ina hila yake, na hii ni ya kwetu watu wa maabara kuieleza maana tumeiona kwa macho. Ndani ya chembe za mwili potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au mkono ukifungwa mpira muda mrefu huku mgonjwa anaambiwa kunja ngumi kunjua ngumi, chembe hupasuka au misuli humwaga yake, na potasiamu inapanda bila mgonjwa kuwa na tatizo lolote. Maabara tunaizungusha damu, majimaji yanakaa juu, na yakiwa mekundu tunajua mara moja kwamba chembe zilipasuka. Tunaandika sampuli imeharibika, leteni nyingine, nesi anatuchukia, maisha yanaendelea. Mashine nyingi za kando ya kitanda hupima damu ikiwa nzima, na damu nzima ni nyekundu daima. Hakuna rangi ya kumwonya mtu. Inasoma 6.9, na daktari mwangalifu anaandaa kalsiamu na insulini kwa ajili ya moyo usio na neno. Ukipata nambari kama hiyo na mgonjwa hana ugonjwa wa figo wala sababu nyingine, piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo), vuta damu upya taratibu bila mpira ukiweza. ECG safi haimalizi ubishi, lakini inakupa dakika za kurudia kipimo.

Mashine hizi za potasiamu zinazotumia katriji, yaani kijisanduku cha kutiwa damu kinachotumika mara moja, hata hivyo, zina tabia moja ninayoiheshimu. Aina moja inayotumika sana duniani hufanya kazi kati ya nyuzi 16 na 30 tu, na chumba kikizidi hapo hukataa. Inaandika kwenye skrini kwamba joto limepita, basi. Manesi huilaani. Mimi naona mashine inayokataa ni bora kuliko inayobahatisha, na ningependa zile za sukari zote zingekuwa na kiburi hicho.

Vijana wa bodaboda ndio wateja wetu wakubwa wa HB, hasa usiku wa mwisho wa mwezi. Mtu amegongwa barabara ya Changamwe, amevuja damu, HB inapimwa ndani ya dakika za mwanzo inatoka 13, na kila mtu anapumua. Hapa hakuna kosa la mashine. Mtu anapovuja hupoteza chembe na majimaji kwa pamoja, kwa hiyo kilichobaki kina uwiano ule ule mpaka mwili uvute maji au sisi tumtilie dripu. Kisha anatiliwa dripu, na mashine zinazokadiria chembe kwa kupitisha umeme ndani ya damu zinaanza kusoma chini kuliko kweli, kwa sababu protini imezimuliwa na umeme unapita kirahisi. Saa moja ilikuwa nzuri mno, saa inayofuata ni mbaya mno, na kijana ni yule yule. Mapigo ya moyo, presha, ubaridi wa miguu na tumbo linalojaa vilikuwa vinasema mapema. HB ya tone la kidole ina tatizo jingine la ziada: tone na tone havifanani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba matone yanayofuatana kutoka kidole kimoja hutofautiana kiasi kwamba inabidi uchukue wastani wa matone sita hadi tisa ndipo ufikie utulivu wa damu ya mshipa. Hakuna atakayemkamua mgonjwa matone tisa. Basi nambari ikiwa karibu na mpaka wa kuongeza damu, tumia damu ya mshipa.

Malaria nitaipitia haraka. Kile kipimo cha mistari kinachotafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2 hubaki na mstari wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na vimelea vikiwa vichache sana kinaweza kukosa kuviona. Mwenye homa aliyetibiwa mwezi uliopita asihukumiwe malaria kwa mstari peke yake. Hilo hadubini inalimaliza vizuri zaidi.

Kuna pia hili la vizio viwili vya kusomea sukari. Jamaa wa Marekani na nchi kadhaa za Kiarabu hutuma mashine nyumbani, na hizo husoma kwa miligramu, sisi tunasoma kwa milimoli. Tofauti ni mara 18. Mzee anakwambia sukari yake ilikuwa 90 unashtuka, kumbe ni 5. Huyo ni rahisi. Mgumu ni yule anayesema "ilikuwa ishirini na tano" na familia haijui ni ya mashine ipi, maana 25 kwa milimoli ni ya kulazwa na 25 kwa miligramu ni ya kuzimia.

Nisije nikaonekana natetea tonge langu. Maabara nayo hudanganya, na hudanganya kwa karatasi yenye muhuri. Damu iliyokaa kwenye chupa ya kawaida huendelea kula sukari yake yenyewe, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba, na chumba chetu si cha kawaida. Sampuli ikisahauliwa kaunta mpaka zamu ibadilike, jibu langu lenye sahihi linaweza kuwa baya kuliko la mashine ya kitandani. Hata chupa yenye floraidi, dawa ya kuzuia ulaji huo, haizuii papo hapo. Daktari mmoja mwanafunzi, binti wa bara mwenye ulimi mkali, aliniambia siku moja mbele ya watu: "Mzee, nikingoja karatasi yako mgonjwa atakuwa mochari, na karatasi itasema sukari ni ya chini kwa sababu ilishuka kwenye chupa." Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia alete sampuli mapema. Akaniambia nilete mtu wa kuzibeba.

Kutokana na ubishi ule ndipo tulipoanza kuzungumza kwa maana. Ilidhihirika kwamba mashine ya sukari ya kasualti haikuwa katika vitabu vya mtu. Wodi ilisema ni kifaa cha kupimia, kwa hiyo ni ya maabara. Maabara tulisema haiko kwetu, hatuijui. Stoo walinunua stripu za bei nafuu zilizopatikana mwezi huo, na namba ya kichipu cha mashine, kwa zile za zamani zinazohitaji kichipu, haikulingana na boksi jipya. Majibu yaliandikwa kwenye glavu, kwenye plasta, kwenye kiganja cha mkono. Katika viwango vya kimataifa suala hili limeshaamuliwa: toleo la ISO 15189 la mwaka 2022, ambalo ni la maabara za tiba, liliingiza ndani yake masharti ya vipimo vya kando ya kitanda vilivyokuwa na kitabu chao pembeni. Maana yake, kwa maabara inayotaka ithibati na inayosimamia vipimo hivyo, mashine iliyo kitandani ni mali yake kwa majukumu hata kama iko mbali na macho yake. Nilipowasomea wenzangu kifungu hicho, hawakufurahi. Ni kazi zaidi kwa mshahara ule ule.

Tulichofanya ni kidogo. Daftari limefungwa kwa uzi kwenye troli. Kila asubuhi mtu mmoja wa zamu hupitisha yale maji ya sukari na kuandika jibu, jina na namba ya boksi la stripu. Kila wiki damu ya mgonjwa mmoja hupimwa kwa mashine zote mbili, yao na yetu, na tofauti huandikwa. Na kila nambari ya dharura huandikwa na jina la aliyeipima. Hili la mwisho lilipingwa sana. Sista mmoja aliniuliza kama ninatafuta wa kumfukuza kazi. Nilimwelewa, kwa sababu nchi hii daftari likiletwa huwa mtu anatafutwa. Lakini baada ya muda niliona kitu ambacho sikukitarajia: watu walianza kurudia vipimo wenyewe. Nambari ikitoka ya ajabu, na jina lako liko kando yake, unaosha kile kidole.

Wazee wachache bado hukataa kudungwa mchana wa Ramadhani wakihofia funga, ingawa masheikh wengi wameshasema haivunjiki. Hao tunawangoja au tunawaomba wana wao watusaidie kuzungumza. Hilo halimo kwenye daftari.

Kilichobaki ni friji ya katriji. Katriji zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, zikitoka zisirudishwe, na stima ikipotea mtu ajue ilipotea muda gani. Friji iliyopo wodini ina katriji, insulini, soda za zamu ya usiku na pakiti ya maziwa lala ambayo hakuna anayekiri ni yake. Tuliomba kipimajoto cha kuwekwa ndani, kitu cha bei ndogo. Kimeandikwa kwenye orodha ya manunuzi, chini ya mapazia mapya ya ofisi. Mapazia yalifika wiki iliyopita, ya rangi ya samawati.